Karne ya Kidole Gumba

Vazi lilisimama lenyewe katikati ya sebule, bila mtu ndani yake, likaanza kuchezea simu isiyokuwepo.

Lilikuwa koti la njano lenye mistari ya kung'aa, la aina waliyovaa waendesha bodaboda zaidi ya karne moja nyuma, na chini yake suruali ya jinzi iliyochakaa magotini. Mkono wa kulia ulijikunja hadi usawa wa kifua. Glavu iliyoshonewa mwishoni mwa mkono huo ilifunguka kama kiganja, na kidole gumba chake kikaanza kusugua hewa: juu, juu, chini kidogo, gonga. Ukosi uliinama mbele, kana kwamba shingo isiyoonekana imeona kitu kitamu kiganjani na haitaki kukiacha.

"Kama mzimu," Mama Sikitu alisema huku akipangusa vikombe. "Tena mzimu mvivu."

"Ndivyo walivyokuwa, mama."

"Wote?"

"Wote. Barabarani, mezani, kanisani. Mpaka msalani."

Mama alitikisa kichwa kwa kuwasikitikia mababu zake, akaendelea na vikombe.

Sikitu Nyenza alikuwa amepiga magoti mbele ya vazi, mkononi ameshika kiini, kijiwe cheusi kinachoamrisha mavazi yote ya nyumba nzima. Alikibonyeza. Koti likalegea, likashuka taratibu sakafuni kama mtu aliyeambiwa habari mbaya.

Watu wa Iringa waliyaita mavazi-hai. Ndani ya kitambaa zilipita nyuzi-misuli, nyembamba kuliko unywele, zinazojikaza na kulegea zikipewa umeme kidogo. Kila vazi lilibeba kumbukumbu-mwendo yake, yaani namna mtu fulani wa zamani alivyotembea, alivyoketi, alivyotupa mkono alipokuwa akibishana. Mvaaji hakuhitaji kujifunza chochote. Nguo ilimwongoza. Na haikumsukuma kwa nguvu, kwa sababu nyuzi zilinong'onezana na mishipa ya fahamu chini ya ngozi mpaka mwili ukakubali kwamba wazo lilikuwa lake. Mnong'ono huo ulikuwa uvumbuzi wa Sikitu. Kampuni ya Nyuzi Mpya ilijengwa juu yake, kuanzia orofa ya chini hadi ofisi ya mkurugenzi.

Sherehe ilikuwa kesho mchana. Mama alikuwa anatimiza miaka sabini, na Sikitu alitaka kumfanyia kitu ambacho mtaa mzima wa Gangilonga haujawahi kukiona: kila mgeni aje kama babu au bibi yake wa ile karne ambayo wanadamu walitembea na simu mikononi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipa jina, Karne ya Kidole Gumba. Siku hizi kila mtu ana kisikio, punje ndogo nyuma ya sikio inayosikia na kusema, na hakuna aliyewahi kusugua kioo kwa kidole. Kidole gumba kilikuwa kimerudi kwenye kazi zake za zamani, kushika kijiko na kuhesabia.

Maandalizi yalikuwa yamemla wiki nzima. Viti vya plastiki vyekundu aliviazima makumbusho. Mwavuli mkubwa wa wakala wa pesa ulisimamishwa uani. Mpishi-bati, mashine ya jikoni, ilikuwa imefundishwa kupika chipsi mayai, na mara mbili ilikuwa imeuliza kama ni kweli watu walikula hivyo kwa hiari. Ulanzi, pombe ya mianzi, ulikuwa umeletwa kwenye madumu ya njano, kama zamani.

Tatizo ni kwamba sherehe haikuwa ya mama tena. Mkurugenzi wa Nyuzi Mpya, Bi Koku, aliposikia habari zake alitabasamu kwa namna ambayo Sikitu aliijua.

"Sebule itauza kuliko ukumbi," alisema. "Nitakuja na wajumbe wawili wa Bodi ya Masomo Hai. Waone bibi mwenye furaha, wasione mashine. Wakiridhika, Januari kila mtoto wa shule nchi hii atajifunza historia akiwa ndani ya vazi letu. Kila mtoto, Sikitu. Usiniharibie."

Kwa hiyo sasa kila kitu kilikuwa na saa yake. Binamu Chesko angevaa koti la bodaboda tangu asubuhi ili wajumbe wakifika wakute mwili umeshazoea. Mama angevaa la kwake mwishoni, mbele ya keki: dera la maua la nyanya yake aliyekuwa wakala chini ya mwavuli.

Mtu wa kwanza kabisa kuvaa vazi-hai alikuwa baba yake Sikitu, Mzee Galusi. Alijitolea mwenyewe. Alisema haiwezekani binti yake ajaribie nguo kwenye miili ya watoto wa watu wakati yeye amekaa bure. Alivaa majira yote ya baridi yaliyopita. Majaribio yalipokwisha alirudisha vazi, akashukuru, na wiki chache baadaye akaanguka kwenye ngazi ndefu za mawe zinazoshuka kutoka nyumbani hadi kituo cha gari-waya, akafariki. Waliochunguza walisema ngazi zilikuwa na umande. Sikitu aliamini. Asubuhi za Gangilonga huwa na umande.

"Kamwene, watumwa wangu," sauti ilisema mlangoni. "Mbona sisikii mbwa? Mmemfunga, au mmeshamla?"

Mama alitua kikombe, na uso wake ukabadilika kabla hajageuka. "Mngoni gani huyo amepotea njia? Hapa hatugawi makombo."

Mzee Ansgar Ngonyani aliingia akiegemea fimbo. Nyonga yake ilikuwa mpya, ya chuma, imefungwa Songea. Ndiyo iliyomlaza hospitalini wakati Mzee Galusi anazikwa. Alikuwa daktari wa mifugo mstaafu, mrefu, mwenye masikio makubwa, na kwa miaka mingi hakukuwa na alasiri aliyokosa kukaa kwenye baraza hii akicheza bao na marehemu. Mngoni na Mhehe ni watani. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakaamua kubaki na matusi ya mapenzi badala ya mikuki. Mtani anaruhusiwa kusema lolote na kuchukua lolote. Na siku ya msiba yeye ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza, sauti yake, mwendo wake, ubahili wake, mpaka wafiwa wacheke bila kupenda. Hakuna ruhusa ya kumkasirikia.

"Nimekuja kuchukua mali zangu," alisema Ansgar akijishusha kwenye kiti chekundu. "Bao, kile kiti cha baraza, na mjane."

"Mjane gani atakayekwenda na mtu aliyeungwa kwa misumari?" mama alimjibu. "Ukilala usiku utapata kutu."

Walicheka wote wawili, kisha mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Sikumzika," Ansgar alisema kwa sauti nyingine. "Haki yake haijatimizwa. Nimesikia kesho mnavaa mavazi ya watu wa zamani. Galusi naye sasa ni mtu wa zamani. Nipeni sweta lake na kofia yake. Nitakuja kama yeye."

Sikitu alisimama. "Baba Ansgar, kesho kuna wageni wa kikazi. Kila kitu kimepangwa."

"Mimi nami nimejipanga."

"Hawatakuelewa. Watadhani tunamdhihaki marehemu."

"Si ndiyo kazi yenyewe?"

Sikitu alivuta pumzi. Alimwona Bi Koku akilini mwake, na wale wajumbe na nyuso zao za kupima. "Basi angalau uvae vazi-hai. Lina mwendo wa mtu wa karne ile, litakusaidia."

Ansgar alilitazama koti sakafuni kama anavyotazamwa ng'ombe asiyekula. "Nguo inifundishe kutembea? Mimi kutembea nilifundishwa na mama yangu, na Galusi nimefundishwa na Galusi. Sitaki."

"Mpe sweta, Siki," mama alisema. Hakupandisha sauti. "Hii ni nyumba yangu, na kesho ni siku yangu."

Sikitu akaenda kulileta sweta.

Kesho yake mchana jua la Julai lilikuwa linawaka bila kuchoma, kama kawaida ya huko. Wageni walipanda kutoka kituo cha gari-waya wakichekana: mmoja na miwani mikubwa ya plastiki, mwingine na begi la kompyuta mgongoni, dada wawili wamevaa sare za kamati ya harusi. Wale waliovaa mavazi-hai walijulikana mara moja. Walikuwa na utulivu wa ajabu, shingo mbele, kiganja kifuani, na kidole gumba kinafanya kazi.

Bi Koku alifika na wajumbe wake, mwanamke mzito wa maneno na kijana mwenye suti. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa kitenge kizuri cha kijani. Alimkumbatia mama, akampa Sikitu tabasamu, kisha akanyoosha kiganja. "Kiini. Leo nitaendesha mimi. Wewe cheza na wageni."

Sikitu alisita, akampa.

Mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotarajia, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Chesko alikuwa nyota. Alikaa juu ya kiti kama yuko kwenye pikipiki, akabishana bei na abiria asiyeonekana, na kila alipotulia kidole chake kilirudi kazini: juu, juu, chini kidogo, gonga. Mjumbe mwanamke alisogea karibu kumtazama.

"Mwendo huu umetoka wapi?" aliuliza.

"Kwenye picha za kamera ya zahanati moja ya zamani," Sikitu alieleza. "Kuna mama alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri kuitwa. Alisugua hivyo muda wote. Mara mbili juu, anarudi kidogo kama aliyepitiliza kitu, anagonga. Nilimtazama kwa miezi mingi. Mwendo huo sasa haupo popote duniani isipokuwa kwenye nguo zetu."

"Popote?"

"Popote. Hakuna mwanadamu aliye hai anayeujua."

Mjumbe aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Upande wa pili wa sebule Bi Koku aliona, akamshika mama mkono, na wote wawili wakaingia chumbani kwenda kuvaa dera.

Hapo ndipo Ansgar alipotokea uani.

Alikuwa na sweta la kahawia la marehemu, lile lililotoboka kiwiko, na kofia ya pama imesukumwa nyuma. Fimbo aliiacha. Alisimama mlangoni, akakohoa mara moja, kikohozi kikavu cha mtu anayetaka watu wajue amefika lakini hataki waseme kajitangaza, na sebule nzima ikaguna. Galusi alikuwa ameingia.

"Mimi sina neno," alisema kwa sauti ya Galusi, na watu wakaangua kicheko, maana hivyo ndivyo marehemu alivyoanza kila ugomvi.

Aliwasalimia wanawake mmoja mmoja akiwauliza kwao wamepika nini, na akijibiwa alijifanya ameshiba, kisha akabaki. Akakaa kwenye bao lisilokuwepo, akacheza, akaficha kete ndani ya mkono wa sweta, akashtakiwa, akaapa kwa jina la mama yake, na kete ikadondoka. Shangazi mmoja alilazimika kushika ukuta. Sikitu alijikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Alikuwa amemsahau baba yake huyu. Alikuwa amemkumbuka yule wa kwenye jeneza tu.

Kisha Ansgar akafanya la mwisho. Aliinuka, akaanza kuondoka kama mtu anayekwenda kituoni. Shingo yake ikainama mbele. Mkono wa kulia ukapanda kifuani, kiganja kikafunguka, kidole gumba kikaanza kusugua.

Juu, juu, chini kidogo, gonga.

Watu walicheka na kupiga makofi. Hatua mbili kutoka kwake Chesko alikuwa amesimama ndani ya koti lake la njano, na kidole chake kilikuwa kinakwenda vilevile, kwa pamoja, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Kijana mwenye suti alisema, "Wamefanya mazoezi vizuri hawa."

Kicheko cha Sikitu kilikatika katikati.

Alipita katikati ya viti mpaka mbele ya Ansgar. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Ipi?" Ansgar alisema, bado na sauti ya Galusi.

"Hiyo ya kidole. Baba Ansgar, acha mchezo, nijibu. Nani amekufundisha?"

Ansgar alishusha mkono. "Si baba yako? Alikuwa ananitania. Unajua kisa cha babu yangu, alivyotumbukia mtaroni Songea akiangalia simu. Galusi hajawahi kunisamehe babu yule. Basi mwaka jana akaja na mpya, kila akiniona anainama hivi, anasugua kiganja kitupu. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Sweta hili hili. Nguo zako za umeme alikuwa ameshazirudisha."

"Aliacha lini?"

Masikio makubwa ya Ansgar yalionekana kama yanasikiliza kitu cha mbali. "Hakuacha," alisema polepole. "Hata nilipomwambia basi, umeshinda, hakuacha. Alikuwa anashuka ngazi zile akiwa ameinama hivyo. Nikasema huyu Mhehe leo ameniweza."

Baba yake Sikitu hakuwahi kuiona picha ya yule mama wa zahanati. Wala Ansgar. Mwendo ule uliwahi kukaa mahali pamoja tu, ndani ya nyuzi, na nyuzi zilivuliwa, zikakunjwa, zikarudishwa kiwandani. Ulichobaki nacho mwili wa Mzee Galusi hakikuwa utani. Mwili ulikuwa umekubali kwamba wazo ni lake, kama Sikitu alivyoubuni ukubali, na haukuambiwa kamwe kwamba mchezo umekwisha. Alitembea kuelekea kwenye ngazi za mawe akiangalia kiganja kitupu, na watu waliompenda walikuwa wanacheka.

Sikitu alikimbilia chumbani.

Mama alikuwa amesimama mbele ya kioo ndani ya dera la maua, mikono mbali kidogo na mwili kama bibi arusi. Bi Koku alikuwa nyuma yake akifunga vishikizo vya mgongoni. Vilibaki viwili. Kishikizo cha mwisho ndicho kinachoamsha nyuzi.

"Mwache," Sikitu alisema.

"Dakika moja tu."

"Nimesema mwache. Mama, vua hiyo nguo. Baba alikuwa anasugua kidole usiku?"

Mama alimtazama kupitia kioo. "Alikuwa anasugua hata usingizini. Kwa nini?"

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Nilidhani anaota anamtania Ansgar."

Bi Koku aliondoa mikono yake kwenye dera, lakini hakurudi nyuma. Alikwenda kuufunga mlango, akauegemea. Kiini kilikuwa mkononi mwake.

"Sikiliza," alisema kwa upole. "Tunajua. Kwa wachache waliojaribu mavazi mwendo hubaki kwa muda baada ya kuvua. Tunaita mabaki. Yanaisha."

"Mlijua tangu lini?"

"Yanaisha, Sikitu. Wengi wao hata hawakugundua."

"Baba yangu alianguka."

"Baba yako alikuwa mzee, na ngazi zilikuwa na umande. Huwezi kuthibitisha vinginevyo kwa mchekeshaji mmoja tuliyemsikia hadi humu. Tunarekebisha. Mwakani mabaki yatakuwa yamepungua nusu."

"Januari mnawavalisha watoto."

"Watoto husahau haraka."

Sikitu alimtazama Bi Koku kuanzia kilemba hadi viatu, akaona kitu alichokuwa nacho mbele ya macho tangu mchana. "Kitenge hiki ni cha kawaida," alisema. "Mkurugenzi wa Nyuzi Mpya amekuja kwenye sherehe ya mavazi-hai amevaa pamba."

Bi Koku alikaza mgongo wake mlangoni.

Mkasi wa kukatia utepe wa keki ulikuwa kitandani. Sikitu aliuchukua, akapitisha ncha chini ya ukosi wa dera, akakata kushuka mpaka kiunoni. Nyuzi zilitoa sauti ndogo kama nywele zinazoungua. Mama hakutikisika. Nguo ilipodondoka alibaki na gauni la ndani na mabega yake ya miaka sabini, akajifunga kanga bila haraka, kisha akamgeukia Bi Koku na kunyoosha mkono.

"Nipe hicho kidude, mwanangu."

"Mama, hiki ni mali ya..."

"Uko chumbani kwangu. Umenifungia mlango wangu. Nipe."

Bi Koku alikuwa amezungumza na mawaziri na hakutetemeka. Lakini mwanamke huyu alikuwa na umri wa mama yake mzazi, amesimama na kanga mbele yake siku ya kuzaliwa kwake, na mkono ulikuwa umeshanyooshwa. Alimpa. Mama alimpa Sikitu.

Sebuleni hakuna aliyekuwa amekaa. Sikitu alikibonyeza kiini na kukishikilia, na kila vazi-hai ndani ya nyumba likalegea. "Vueni," alisema. "Wote, sasa hivi. Vueni muweke chini."

Walivua. Kwa kuwa mtu huvaa vazi-hai juu ya nguo zake, hakuna aliyeaibika. Walirundika makoti na madera katikati ya zulia, wakasimama wakitazamana. Chesko ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alivuta mkono wa kulia kutoka kwenye glavu, akautikisa, akashusha pumzi. Kisha mkono ukapanda wenyewe hadi kifuani.

Juu, juu, chini kidogo, gonga.

Chesko aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Aliushika kwa mkono wa kushoto, akaubana. Kidole gumba kiliendelea kusugua ndani ya ngumi.

"Siki," alisema. "Mbona hakiachi?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Ansgar alikuwa ameivua kofia ya marehemu na kuishika tumboni kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umekwisha rangi. Mama alikwenda kusimama karibu naye, bega kwa bega.

Mjumbe mwanamke alimtazama Chesko, akamtazama Bi Koku aliyekuwa ametoka chumbani. "Hii ni sehemu ya maonyesho?"

Bi Koku alikuwa amesharudisha tabasamu lake. Alipita mbele, akaweka mkono begani kwa Sikitu kama dada mkubwa. "Ni utani," alisema, na sauti yake ilikuwa na joto la kutosha kuwasha moto. "Wenyeji wa huku wana desturi nzuri sana ya utani, ndugu wajumbe. Mzee huyu ni mtani wa nyumba, na binamu naye amenogewa. Mhandisi wetu amefiwa hivi karibuni, amezidiwa kidogo na kumbukumbu. Atawaeleza, atawaomba radhi kwa mshtuko, halafu tutakata keki." Akamwinamia sikioni. "Utani, Sikitu. Neno moja. Unalinda kazi yako, unalinda jina la baba yako, na binamu yako nitamtibu kwa gharama zetu. Sema."

Njia ilikuwa wazi, tena nyepesi. Wageni wote walikuwa wanamtazama, na baadhi yao, aliwaona, walikuwa wanamwomba kwa macho alitamke, ili wacheke, ili waketi, ili mpishi-bati ilete chipsi. Hata Chesko alikuwa anamtazama hivyo. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni mwa kila mtu. Lilikuwa limekaa mdomoni mwao mwaka mzima.

Sikitu aliutoa mkono wa Bi Koku begani mwake. Kiini alikitia mfukoni. Akawageukia wajumbe.

"Jina langu ni Sikitu Nyenza," alisema. "Nguo hizi nimezibuni mimi. Mnachokiona kwenye mkono wa ndugu yangu ndicho kilichomwangusha baba yangu kwenye ngazi zile za nje. Alikuwa mgonjwa mbele yetu, mezani petu, na sisi tukasema ni utani. Mkurugenzi wangu anajua. Ameniambia sasa hivi, humo chumbani, mama yangu akisikia. Januari mtawavalisha watoto wenu. Nimekatisha sherehe ya mama, nimewavua nguo wageni wake, nimeharibu biashara ya watu."

"Sikitu," Bi Koku alisema.

"Siombi radhi."